Kiti cha Mama: picha moja ya gizani iliyonichukua usiku tatu

Kwa miezi mitatu nilimuuguza mama nyumbani kwangu. Mchana alikaa kwenye kiti cha mbao chenye mikono, karibu na dirisha, apate joto la jua. Usiku, akishalala, nilikisogeza kiti hicho kando ya kitanda chake nikakesha hapo, na kabla hajaamka nakirudisha dirishani. Alipopata nafuu akarudi kwake, na kiti kikabaki.

Nikataka picha yangu nikiwa nimekikalia, usiku, nusu ya uso ikiwa kwenye mwanga na nusu gizani, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoishi miezi ile. Kumwita mtu anipige sikutaka. Usoni mwangu kulikuwa na jambo ambalo nisingeweza kulitoa mbele ya mtu mwingine.

Vifaa nilivyokuwa navyo ni simu ya kawaida yenye kamera ya nyuma ya tundu la kupitishia mwanga la f/1.8, taa ndogo ya kando ya kitanda, taa ya kusomea ya mezani yenye shingo ya kukunja, kioo cha kujitazamia, karatasi nyeupe, kadibodi, shuka jeusi na selotepu. Stendi sikuwa nayo; simu niliisimamisha juu ya rundo la vitabu. Picha niliipata usiku wa tatu. Nimeandika kisa chote kwa sababu kila kosa nililofanya lilikuwa na maana wakati nalifanya, na naamini wengi wanaojaribu picha za namna hii wanajikwaa palepale.

Usiku wa kwanza nilifikiri hivi: nataka picha ya giza, basi nipunguze mwanga. Nikazima taa zote, nikawasha ile ndogo ya kando ya kitanda yenye balbu ya wati 3, nikaiweka kama mita 2 kutoka nilipokaa. Chumba kwa macho kilikuwa kizuri mno. Vivuli vizito, ukimya, kila kitu nilichokitaka kilikuwepo. Nikaweka kipima muda cha sekunde 10, nikakimbilia kiti, nikapiga picha 86.

Zote zilitoka mbovu, tena kwa ubovu uleule. Ukuta nyuma yangu ulionekana wa kijivu chenye madoa, kama umepakwa majivu. Uso ulikuwa na chembechembe za rangi, nyekundu na kijani, hasa chini ya macho. Nyingine zilikuwa laini ajabu, bila chembechembe, lakini mtu aliyemo hana vinyweleo wala mikunjo. Pua imeyeyukia shavuni. Giza halikuwepo hata katika moja. Nilikuwa nimekaa gizani, simu ikanipa picha ya mtu aliyekaa kwenye chumba chenye ukungu.

Kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kipima mwanga cha kamera. Kamera haijui kama giza umelitaka au limekupata. Imeundwa kudhani kwamba kilichomo kwenye fremu, kikichanganywa chote, ni kijivu cha katikati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ukiiwekea fremu iliyojaa weusi, inaamini kuna upungufu na inaufidia. Mtu mwenye ngozi nyeusi kwenye chumba cheusi ndiye anayefidiwa kuliko wote. Ngozi yangu ikageuka kijivu cha kahawia ambacho si changu, na hilo liliniumiza kuliko chembechembe. Modi ya usiku iliyojiwasha yenyewe ikazidisha: inapiga fremu kadhaa kwa sekunde mbili tatu, inazipanga, inazichanganya, kisha inanyanyua vivuli. Kwa mandhari yasiyotikisika ni kazi nzuri sana. Kwa mtu anayepumua, ndipo pua inapoyeyukia shavuni.

Sababu ya pili ndiyo iliyobadilisha fikra zangu, na ningependa isomwe polepole. Weusi ninaoupenda kwenye picha hauji kwa sababu mwanga ni haba chumbani. Unakuja kwa sababu sehemu moja ya fremu imepata mwanga mwingi mno kuliko nyingine. Kamera inaona tofauti. Kiasi ni suala la kurekebisha ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) na shata (muda ambao kamera inaupokea mwanga), lakini tofauti lazima uitengeneze kwa mkono wako. Na taa yangu, ikiwa mita 2 kutoka usoni na mita 3 kutoka ukutani, haikutengeneza tofauti yoyote ya maana.

Hesabu yake ni rahisi. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mara mbili ya umbali, unabaki na robo, ukienda mara tatu, unabaki na sehemu moja ya tisa. Kwenye mpangilio wangu wa usiku ule, ukuta ulikuwa ukipata karibu nusu ya mwanga unaofika usoni. Nusu ni kidogo sana kama tofauti. Sasa isogeze taa hadi sentimita 50 kutoka usoni bila kuhamisha kiti: ukuta unapata sehemu moja ya tisa. Vuta na kiti mbele, taa ikae mita 3 kutoka ukutani: ukuta unapata sehemu moja ya 36. Hapo huhitaji hata kitambaa cheusi nyuma. Ukuta mweupe kabisa utakuwa mweusi.

Kwa hiyo usiku wa pili nilifanya kinyume cha nilivyoanza. Niliweka taa ya kusomea, yenye balbu ya LED ya wati 9, sentimita 50 kutoka usoni, nje kidogo ya fremu upande wa kushoto. Ilinichoma macho. Chumba hakikuwa tena na uzuri wowote. Kilifanana na chumba cha daktari wa meno. Nikaingia modi ya kitaalamu ya simu, nikazima kila kitu kinachojiamulia. Kwa tundu lisilobadilika, usukani unaobaki ni ISO na kasi ya shata tu. Niliishia ISO 100 na shata ya sekunde 1/50. Jana yake, kwenye chumba "kizuri", simu ilikuwa imepanda hadi ISO 3200. Picha ya giza ilikuwa ikihitaji mwanga mara nyingi zaidi ya ule niliokuwa nimeupa, na chembechembe ziliondoka siku hiyohiyo.

Ile 1/50 nayo ina kisa chake. Nilianza na 1/200, nikapata mistari ya giza iliyolala kwenye picha kama pazia la vibao. Balbu nyingi za LED za bei ndogo huwaka na kufifia pamoja na umeme: kwenye umeme wa hezi 50, mara 100 kwa sekunde. Kihisi cha simu husoma picha mstari baada ya mstari, kwa hiyo mistari mingine inasomwa balbu ikiwa imefifia. Shata ya 1/50 au 1/100 inameza mapigo kamili na mistari inapotea. Kwenye umeme wa hezi 60 tumia 1/60 au 1/120.

Taa tupu ilinipa doa jeupe linalong'aa kwenye paji la uso. Kwenye ngozi nyeusi, umbo la uso huonekana zaidi kwa mng'ao kuliko kwa weupe, ndiyo maana ukubwa wa chanzo cha mwanga ni jambo la kulishughulikia mapema. Chanzo kidogo kinatoa vidoa vikali. Chanzo kikubwa kinatoa mng'ao mpana unaoteleza shavuni na kuonyesha mfupa ulio chini yake. Nilibandika karatasi nyeupe mbili kwenye fremu ya kadibodi, nikaisimamisha sentimita 15 mbele ya taa. Isiguse balbu. LED haipati joto kama balbu ya zamani ya waya, lakini karatasi juu ya taa ya moto ni hatari ya kweli, na usiku peke yako si wakati wa kujaribu.

Kuhusu fokasi, yaani mahali kamera inapopaona kwa uwazi, sitasema mengi: simu gizani huhangaika mbele na nyuma, kwa hiyo niliweka kitabu wima kwenye kiti, pale uso wangu utakapokuwa, nikafokasi kwenye maandishi ya jalada, nikafunga fokasi, nikaweka alama ya selotepu sakafuni kwenye miguu ya kiti.

Kujiona kulinishughulisha zaidi. Kamera ya mbele ya simu yangu ni dhaifu kuliko ya nyuma, na nikitumia ya nyuma skrini inatazama upande mwingine. Nikasimamisha kioo nyuma ya simu, nikaiona skrini kwenye kioo. Njia hii inafanya kazi vizuri kabisa, nami naipendekeza, kwa sharti moja ambalo nilikuja kulielewa nimechelewa. Skrini ni taa. Mwanga wake wa samawati uligonga kioo ukarudi kwenye upande wangu wa kivuli, na kila picha ikawa na rangi baridi chini ya taya ambayo sikujua imetoka wapi. Tangu hapo kioo nilikitumia kujipanga tu, kisha nikakifunika kwa shuka jeusi kabla ya kupiga. Dirisha nalo nililiziba, maana taa ya nje ilikuwa ikileta rangi ya pili. Ukiwa na vyanzo viwili vyenye rangi mbili, hakuna mpangilio wa kamera utakaoviridhisha vyote. Nilifunga rangi kwenye kelvini 3200 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikiwa ndogo, mwanga una rangi ya joto zaidi), na kwa balbu ya kelvini 2700 ikabaki joto kidogo, kama nilivyotaka.

Nililala na furaha usiku ule. Picha 41, na kwenye skrini karibu nusu yake zilikuwa nzuri.

Asubuhi, karibu na dirisha, zilikuwa tope. Jicho langu la kivuli halikuwepo, nywele zilikuwa zimeungana na ukuta, na kiti, kitu ambacho picha nzima ilikuwa kwa ajili yake, hakikuonekana hata ubao mmoja. Nilijaribu kuzinyanyua kwenye programu ya kuhariri. Yakaja madoa yaleyale ya usiku wa kwanza.

Hapa palikuwa na makosa mawili yaliyofanana na moja. La kwanza lilikuwa la macho. Ukikaa gizani nusu saa macho yanajifungua, na skrini hafifu inaonekana kama dirisha la mchana. Nilikuwa nikishusha mwangaza wa picha kidogo kidogo, kila mara nikiona bado "imezidi". Tiba yake ni kutoamini macho: shusha mwangaza wa skrini hadi chini ya nusu, kisha angalia histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha ni kiasi gani cha picha ni cheusi, cha kati na cheupe. Kwa picha ya namna hii kilima kikubwa kitakaa kushoto, na ni sawa. Lakini kisibanwe kwenye ukuta wa kushoto, na pawepo mkia unaofika kulia mwa katikati, ambao ni shavu lako. Zangu zote zilikuwa zimebanwa ukutani. Ni bora upige ikiwa angavu kidogo kuliko utakavyo, mradi shavu halijaungua likawa jeupe tupu, kisha uishushe baadaye. Kushusha hakuleti chembechembe.

La pili lilikuwa kiti, na hapa nilijidanganya kwa muda. Kwa kuwa nilishajifunza hesabu ya umbali, nilidhani kiti kimetoweka kwa sababu kiko mbali na taa. Nikapima. Ukingo wa juu wa mgongo wa kiti ulikuwa sentimita 90 kutoka kwenye taa, uso 50. Kwa hesabu ile, kiti kilistahili kupata karibu theluthi ya mwanga wa uso. Theluthi ya mwanga inaonekana vizuri. Kwa hiyo umbali haukuwa na hatia. Kiti kilikuwa kwenye kivuli cha mwili wangu mwenyewe: taa ilikuwa mbele kushoto, mimi nimekaa katikati, na bega langu lilikuwa likikikinga chote. Ningeongeza taa nguvu mara kumi, kisingeonekana. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu kuliko linavyostahili kiufundi.

Usiku wa tatu nilihamisha taa. Kutoka mbele kushoto niliizungusha hadi ikawa karibu ubavuni kwangu, na juu kidogo ya usawa wa macho. Mwanga ukapata njia nyuma ya bega, ukagusa ukingo wa kiti na mkono wake mmoja. Lakini kila unachokipata kwenye mwanga unakilipia: uso ukakatika katikati kama chungwa, nusu na nusu, upande wa pili ukiwa hauna chochote. Niligeuza uso kuelekea taa badala ya kuirudisha taa. Pua ilipofika takriban nyuzi 45 kutoka kwenye mwelekeo wa mwanga, kivuli cha pua kikakutana na kivuli cha shavu, na chini ya jicho la gizani kikabaki kipembetatu kidogo cha mwanga. Wapiga picha wanakiita kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyejichora tangu ujanani hadi mwaka aliofariki, 1669. Nilikishusha kichwa cha taa kidogo tena, maana macho yalikuwa mashimo, hadi nikaona nukta ya mwanga kwenye mboni. Bila nukta hiyo mtu anaonekana hayupo.

Nilijaribu na kadibodi nyeupe upande wa kivuli ili inyanyue shavu la pili. Kwenye sentimita 40 ilikuwa nyingi. Kila kitu kikawa cha heshima na cha kuchosha. Nikaiondoa usoni nikailaza sakafuni karibu na mguu wa kiti, mahali ambapo inarudisha mwanga kwenye mbao tu.

Kuna mchoro mmoja wa Rembrandt, aliojichora mwaka wa 1628 hivi, uliopo kwenye jumba la makumbusho la Rijksmuseum kule Amsterdam, ambao nilikuwa nikiurudia kutazama wiki ile. Ana umri wa miaka ishirini na kidogo. Mwanga unagusa shavu, ncha ya sikio, shingo; macho yako kivulini, na nywele zilizojisokota amezikwaruza kwa mpini wa brashi rangi ikiwa bado mbichi. Alikuwa na uwezo wote wa kuyaangaza macho na akaamua kutofanya hivyo. Nilichokichukua kwake ni ruhusa. Siamini kwamba hali ya moyo kwenye picha inatoka kwenye sura unayoifanya. Nilijaribu kuonekana mchovu, nikaonekana mtu aliyenuna. Nikajaribu kutazama mbali kwa mawazo, ikawa mbaya zaidi. Ukishapanga mwanga vizuri, uso unabaki na kazi moja tu ya kukaa hapo.

Kipima muda ndicho kilichokuwa kikiniharibia hilo. Sekunde 10 za kusubiri mlio zinaukakamaza uso. Kila picha ilikuwa ya mtu anayesubiri kupigwa picha. Nikabadilisha: simu ipige yenyewe kila baada ya sekunde 5, bila mlio, kwa dakika tano. Dakika ya kwanza nilijihesabu. Ya pili nikaanza kuchoka. Kufikia ya nne miguu iliniuma, mabega yakashuka, nikaegemea kama nilivyokuwa nikiegemea zile saa za alfajiri, sikio likiwa upande wa kitanda, nikisikiliza kama anapumua sawa. Kitanda kilikuwa kitupu sasa. Mwili ulikumbuka hata hivyo. Picha ya 47 ndiyo hiyo.

Haikuhitaji uhariri mwingi. Nilishusha mwangaza wa jumla kidogo, nikapunguza ukali wa mng'ao wa paji la uso, nikaikata upande wa kulia ili mkono wa kiti uguse ukingo wa fremu. Kuigeuza nyeusi na nyeupe nilifikiria, nikaacha. Ile rangi ya joto kwenye mbao ilikuwa ya kweli.

Nilipoichapisha, kiti kikapotea tena. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, karatasi inaazima wa chumba, na vivuli vilivyosomeka vizuri kwenye simu vilizama kwenye karatasi. Niliomba vipande vidogo vitatu vya majaribio, kila kimoja angavu kuliko kilichotangulia, nikavitazama ukutani pale ambapo picha itakaa, kwa taa ya pale. Nikachagua cha tatu. Kwenye simu toleo hilo linaonekana limefifia, na ningekuwa na skrini peke yake nisingelichagua kamwe.

Mama alikuja kunitembelea picha ikiwa imeshatundikwa. Aliitazama kwa mbali, akaniomba niishushe, akaenda nayo dirishani. Alipitisha kidole kwenye shavu, kisha kwenye weusi, taratibu, mpaka kilipofika kwenye ule ukingo wa mbao.

"Hiki si kiti changu?" akauliza.

"Ndicho, mama."

Akanyamaza kidogo.

"Kumbe usiku ulikuwa unakikalia wewe."